Kumtafuta babu kwa kupitia jirani zake



Mwaka 2018, siku chache kabla sijasafiri kwenda Zanzibar kwa likizo, mama yangu alinipigia simu kutoka Maskati. Hakuuliza khabari za safari wala hakuagiza kitu. Aliuliza suali moja tu: "Hivi kaburi la babu yangu bado lipo?" Mama alizaliwa Pemba 1946, akaondoka 1964, akapita Dar es Salaam, na baada ya 1970, Oman ilipoanza kuwapokea watu wa kwetu, akahamia Maskati. Hajarudi tangu hapo. Mimi nimekulia huko na sasa nakaa Uingereza. Katika ukoo mzima hakuna aliyejua kaburi lilipo. Nikamjibu "Nitakutafutia," kwa wepesi wa mtu asiyejua anachokiahidi.

Najua wengi wetu tuna suali kama hili majumbani, na wazee wa kuwauliza wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo nataka kueleza nilivyotafuta, pamoja na makosa yangu, huenda yakamfaa mwengine. Neno langu kubwa ni hili: usimtafute babu yako, watafute jirani zake. Mtu anaweza kupotea katika daftari na juu ya ardhi, lakini si rahisi wapotee wote waliomzunguka.

Nilianza na vitu vitatu. Cha kwanza ni jina lake na la baba yake. Cha pili, maneno ya shangazi yake mama, marehemu kitambo sasa, kwamba mzee "alikufa mwaka wa arubaini na nne." Cha tatu, kwamba kazikwa shambani kwake mwenyewe, kusini ya Wete, karibu na mfenesi. Jina la kijiji naliacha makusudi, na sababu mtaiona mbele. Tulijua pia kwamba mzee alikuwa na mke mmoja na watoto watatu: wawili wanaume, ambao mmoja wao ni baba yake mama, na mmoja mwanamke, ndiye huyo shangazi.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikodi gari Chake Chake, nikaenda mpaka kijijini na kamera shingoni, nikawaambia watu niliowakuta barazani: "Natafuta shamba la babu yangu." Wallahi sikufikiri. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na miaka iliyofuata mashamba mengi yakakatwa vipande vya eka tatu tatu wakapewa wananchi. Watu hao wameishi juu ya vipande hivyo zaidi ya nusu karne, wamezika humo wazee wao. Halafu anatokea mtu wa Maskati anasema neno "shamba" kabla ya neno "kaburi"! Mzee mmoja alinijibu kwa adabu: "Mashamba hapa ni ya serikali, mwanangu. Huyo unayemtaja hatumjui." Nikashukuru, nikaondoka.

Niliporudi Uingereza nikaona basi niende Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Waingereza. Mafaili ya Zanzibar yako mengi pale. Yale ya biashara ya utumwa ya Wizara ya Mambo ya Nje yamo katika mfululizo wa FO 84, na barua za Wizara ya Makoloni za 1913 hadi 1951 zimo katika CO 618. Nilikaa siku kadhaa, na nilijifunza mengi juu ya bei ya karafuu na madeni ya wenye mashamba. Juu ya babu, hakuna hata herufi. Hili ni somo kwa tulioko Ulaya: karatasi za Kew ni mazungumzo ya wakubwa kwa wakubwa. Mtu wa kawaida humo hutajwa akiwa ameshitakiwa, ameshitaki, au ameombwa fidia. Ukimtaka mtu aliyelima, akaoa, akakopa na akafa kitandani mwake, nenda kwenye karatasi zilizoandikwa karibu naye.

Karatasi hizo kwetu ni za aina tatu hasa: hati za ardhi (kuuza, kuweka rehani, bei khiyari), mafaili ya mirathi, na kumbukumbu za kadhi na za wakfu. Kamisheni ya Wakfu Zanzibar ilianzishwa 1905, na wakfu nyingi zilikuwa mashamba na misikiti midogo ya vijijini. Nyingi ya karatasi za zamani zimehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Anayetoka nje aulize mapema khabari za kibali cha utafiti.

Nilirudi 2022, nikakaa Kilimani wiki mbili. Siku tatu za mwanzo nililitafuta jina la babu katika faharasa. Jina moja la Kiarabu karani mmoja huliandika Nassor, wa pili Nasor, wa tatu Nasur. Nisba mara ipo mara haipo. Wete huandikwa Weti. Nilijaribu kila namna, nikatoka mikono mitupu.

Ndipo nikampigia simu mama, nikamuuliza suali ambalo ningelipaswa kumuuliza mwanzo: "Ulipokuwa mdogo, ukitoka shambani kwenda dukani, ulikuwa unapita kwa nani?" Akacheka, akanitajia majina manne bila ya kufikiri. Hakuyasahau, kwa sababu mtoto hujua njia, hajui hati.

Nikayatafuta hayo. Jina la pili likatoka: hati ya rehani ya 1927, jirani ameweka shamba lake kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Sasa, hati za zamani za kwetu hazikuwa na vipimo vya kisasa. Shamba lilielezwa kwa hisabu ya mikarafuu na minazi, halafu kwa mipaka yake minne: kibla, suheli, matlai na maghribi, na kila upande hutajwa shamba la nani. (Kwa vijana: kibla kwetu ni kaskazini, suheli ni kusini, matlai ni mashariki.) Basi katika hati ya jirani huyu, upande wa kibla imeandikwa "shamba la warithi wa" na jina la babu yake mama. Upande wa matlai limetajwa shamba la mtu mwengine, jina lake na la baba yake, na jina la baba lilikuwa sawa na la babu. Hilo la pili nililisoma nikalipita. Majina yanafanana, nikasema.

Lililonishika ni neno "warithi." Mtu huwa na warithi akishakufa. Ikiwa mwaka 1927 alikuwa ameshakufa, basi 1944 imetoka wapi? Nikakaa na kalamu. Shangazi hakusema 1944, alisema "arubaini na nne." Sisi watoto wa skuli ndio tuliotia kumi na tisa mbele. Yeye alikuwa anahisabu Hijria: 1344. Mama kazaliwa 1946, hakuwahi kumuona mzee, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutusahihisha. Zaidi ya nusu karne ukoo wetu ulikuwa unamrehemu mtu kwa tarehe iliyokosea karibu miaka ishirini.

Kwa wasiojua namna ya kugeuza: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Utapata mwaka wa Miladi, ukikosea kwa mwaka mmoja tu. Ukitaka kujaribu, Sayyid Barghash alifariki Rajab 1305: 1305 mara 0.97 ni 1266, na 622 ni 1888, na kweli alifariki Machi 1888. Mwaka wa Hijria una siku kama 354, kwa hiyo hupishana na wa Miladi. Mwaka 1344 ulianza Julai 1925 ukaisha katikati ya 1926.

Nikafungua mirathi za 1926. Siku ya pili nikampata.

Faili lilikuwa jembamba. Madeni yake, mikarafuu yake, nyumba ya udongo na makuti, vyombo, punda mmoja. Mwisho mgawanyo: mali imegawanywa mafungu 56. Mke mafungu 7, wanaume mafungu 14 kila mmoja, mwanamke mafungu 7.

Hapa nataka msomaji asimame, kwa sababu hisabu za faraidh ni shahidi mzuri kuliko wazee wengi. Mke akiwa na watoto wa marehemu hupata thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Kwa ukoo tuliokuwa tunaujua sisi, wanaume wawili na mwanamke mmoja, mgawanyo ungekuwa mafungu 40: mke 5, kila mwanamume 14, mwanamke 7. Fungu 56 haliji kwa hisabu hiyo. Linakuja ukiwa na wanaume watatu: 7 ya mke, 14 mara tatu ni 42, na 7 ya mwanamke. Jumla 56. Kwa hiyo hata kama majina yangekuwa yameliwa na mchwa, namba peke yake ingetwambia kuna mtoto hatumjui. Vivyo hivyo ukiona hati ya mwanamke anauza sehemu ya kumi na sita ya shamba, shuku kwamba alikuwa mmoja wa wake wawili waliogawana thumni.

Majina hayakuliwa na mchwa. Mwanamume wa tatu alikuwepo, na jina lake ndilo lile nililolipita katika hati ya 1927, upande wa matlai.

Mama yake huyo wa tatu hakutajwa katika mgawanyo. Mke ni mmoja, ndiye bibi yetu tunayemjua. Suria harithi. Lakini mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake ni mtoto huru, na hurithi sawasawa na ndugu zake. Nilipopekua karatasi za nyuma nikaliona jina la mwanamke katika orodha ya waliopewa chakula kwa ajili ya matanga. Ni moja ya majina yale waliyokuwa wakipewa watumwa, ya maua, ya vito au ya manukato, wala hakutajwa baba.

Inafaa kukumbuka sheria zilivyokuwa. Amri ya Aprili 1897 iliufuta utumwa mbele ya sheria Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana aliweza kulipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika amri ile. Walisubiri mpaka 1909. Kwa hiyo wanaotafuta wazee waliokuwa watumwa wana karatasi za kuangalia, zile za maombi ya uhuru na fidia. Wako pia waliokwenda kukaa na wamisheni wa Quaker waliofika Pemba 1897 na kufungua kituo Banani, na kumbukumbu za misheni hiyo zinapatikana Friends House, London. Lakini suria aliyebaki nyumbani mara nyingi hana karatasi yake mwenyewe. Utamkuta pembeni ya karatasi ya mtu mwengine, kama nilivyomkuta mimi. Na vizazi vyake baadaye huweza kujiita jina jengine kabisa. Katika sensa ya 1924 maelfu ya watu Zanzibar waliandikwa Waswahili, na sensa ya 1931 wengi hawakujiita tena hivyo. Watu walikuwepo, jina ndilo lililohama.

Basi nikaenda Pemba tena. Safari hii kwa daladala, bila ya kamera. Nilianza kwa sheha, nikaeleza nilichotaka, akanipeleka msikitini tukasali Alasiri pamoja na watu. Baada ya sala sikumtaja babu. Nikauliza, kuna mtu anayemjua fulani bin fulani, yaani yule mwanamume wa tatu. Mzee aliyekuwa ananitazama, na ni yule yule wa 2018, akasema, "Huyo ni babu yetu sisi." Kisha akauliza suali ambalo sitalisahau: "Umekuja kuzuru au umekuja kudai?"

Nikamwambia, kuzuru. Nikatoa nakala ya faili, nikamsomea mgawanyo, jina la babu yake likiwa sawa na la baba wa mama, mafungu 14 na 14. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Sisi tunajua. Nyinyi ndio mliokuwa hamjui."

Kaburi lilikuwa umbali wa dakika kumi kwa mguu. Mfenesi ulishaanguka zamani. Katika picha za droni za Unguja na Pemba, mradi ulioanza 2016, nilikuwa nimeona kichaka kidogo cha miti mikubwa katikati ya mihogo, nikakitilia shaka, na kweli ndicho. Mkulima wa kwetu hakati miti ya makaburini ovyo. Ukitafuta kaburi kwa picha ya juu, angalia pasipolimwa katikati ya panapolimwa.

Chini ukifika, angalia mstari. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Pemba kibla ni kaskazini, kwa hiyo kaburi hulala mashariki kwa magharibi, kichwa mashariki. Oman, Makka iko magharibi, kwa hiyo makaburi hulala kaskazini kwa kusini. Nimewasikia vijana wetu waliokulia Ghuba wakisema kaburi fulani Pemba "limekaa upogo." Halikukaa upogo, wao ndio waliozoea kibla chengine. Mashahidi ya mawe huanguka, huchukuliwa kujengea, hufunikwa na majani, lakini safu ya mawe inayofuata mstari huo haitokei yenyewe. Na maandishi msiyategemee sana. Makaburi mengi ya mashamba hayakuandikwa kitu, kwa umasikini au kwa kuchelea kulipamba kaburi.

Palikuwa na makaburi mawili yaliyosafishwa, na mengine yamezama. La kwanza lina mawe mawili, kichwani na miguuni. La pili, hatua mbili tatu kando yake, lina mawe matatu, la tatu katikati. Makaburi mengi niliyoyaona Oman hufuata ada hiyo: mawili mwanamume, matatu mwanamke. Nikamtazama mzee. Akaniambia, "Huyo wa pili ndiye bibi yetu. Mkewe wa ndoa alizikwa mjini." Hao waliokuwa wakifyeka nyasi pale kila Shaabani, miaka yote ambayo sisi tuko Maskati na London tunasikitika kwamba kaburi limepotea, ni watoto wa watoto wake. Nyumbani kwetu, walipotajwa, waliitwa "watu wa shamba."

Shangazi yake mama alijua. Hapana shaka alijua, maana alipokea mafungu 7 siku ile ile ndugu yake alipopokea 14. Hakusema mpaka kufa. Simlaumu, lakini nimejifunza kwamba kaburi halipotei kwa majani peke yake. Hupotea pia kwa watu kutotajwa.

Nilimpigia mama palepale. Nikamwambia la babu nimeliona. Akalia kidogo, akamshukuru Mungu. Kisha nikamwambia la pili. Simu ilinyamaza mpaka nikadhani imekatika. Halafu akauliza, "Jina lake nani?" Nikamtajia. Akasema, "Liandike unipe." Sisi nyumbani tuna karatasi ya marehemu wanaosomewa khitma kabla ya Ramadhani. Mwaka uliofuata jina lile lilisomwa, baada ya la babu. Mjomba wangu mmoja hakupenda, akasema mambo hayo yalishazikwa. Mama akamjibu, "Ndio, na sasa tunajua yamezikwa wapi."

Kabla sijaondoka Pemba nilimwachia mzee nakala kamili ya faili, na nikamuandikia kwa mkono wangu mbele ya sheha kwamba sisi hatudai ardhi. Sikuambiwa nifanye hivyo. Lakini naona mtu anayekwenda kutafuta wazee wake vijijini awe na jibu la suali la yule mzee kabla hajapanda ndege, na jibu hilo aliseme mwanzo. Ndiyo maana sikutaja kijiji.

Kwa wanaotaka kuanza, nawaomba waanze leo kwa simu, si kwa safari. Msiwaulize wazee tarehe, waulizeni njia: nani alikaa wapi, kisima cha nani, nani alisomesha chuoni, nani alikopesha. Andikeni majina yote ya jirani, hata yale mnayoona hayawahusu. Tarehe yoyote ya kabla ya skuli ipimeni kwa Hijria kwanza. Karatasi ya khitma, kama mnayo, ipigeni picha leo. Na mkikuta katika hati jina linalofanana na la kwenu, msilipite kama nilivyolipita mimi.